Tonge la Saa Kumi na Moja

Oveni ilizima Novemba, siku ya theluji ya kwanza.
Ikatoa mlio mmoja, wa paka aliyekanyagwa mkia,
ikanyamaza.
Fundi kutoka Kajaani alipiga magoti, akachungulia,
akasema kipuri kinaagizwa.
Kinaagizwa.
Sasa ni Februari.

Saa kumi na moja alfajiri, Kuhmo nzima gizani,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
na Helka wangu yuko barabarani
na lile gari lake la rangi ya chungwa,
anasukuma theluji pembeni, anafungua njia
kwa watu watakaoamka wakidhani
barabara imejisafisha yenyewe.

Mimi nami nina njia yangu ya kufungua:
ile iingiayo tumboni mwa Pihla.

Maana Pihla, miaka mitano, hali uji.
Ukimsogezea bakuli anakuwa ukuta.
"Unateleza," husema, kama hakimu asomaye hukumu.
Nimeongeza siagi. Nimeongeza maziwa. Nimeimba.
Kijiko nimekigeuza treni, na honi nikapiga;
treni ikarudi stesheni na mzigo wake wote.

Basi leo, jiko limezimwa, mikono imenawishwa,
tunaanza na ndizi mbili zenye madoa,
zilizoiva kupita adabu.
Pihla anaziponda kwa uma, ulimi nje.
Tende sita zimelala majini tangu jana;
hizo ndizo sukari yetu, nyingine sitaki.
Siagi ya mbegu za alizeti, si ya karanga,
kwa kuwa chekechea yuko Eevi,
na karanga moja humvimbisha midomo.
Shayiri vikombe viwili:
kimoja cha kipimo, kimoja cha Otso,
ambacho nusu yake huishia sakafuni
na mbwa halalamiki.
Kisha beri za buluu, zile za Agosti,
tulizochuma nyuma ya reli,
sisi tukila beri, mbu wakitula sisi.
Zinatoka kwenye friza ngumu kama changarawe,
zinagonga bakuli: ta, ta, tata.
Zabibu nazikata vipande vidogo.
Koo la Otso bado jembamba,
na mimi ni mwoga wa usiku na mchana.

Sasa kufinyanga. Viganja viwe na maji kidogo.
Matonge ya Pihla ni ya mviringo, yanafanana, yamejipanga.
Ya Otso, moja ni kiazi,
moja ni kiatu,
na moja, lenye tundu la dole gumba katikati,
ni gari la mama.
"Taa yake," anasema, akilizamisha dole tena.

Friji inataka nusu saa.
Nusu saa ya mtoto ni msimu mzima wa baridi.
"Baba, yanaiva?"
"Hayaivi. Yanatulia tu."
Pihla anafikiri, ameegemeza paji la uso mlangoni pa friji.
"Kama mama akishavua buti."
Nikakosa la kujibu.

Akala la kwanza. Akatafuna polepole, macho darini.
Nikajifanya naosha bakuli.
"Baba," akasema, "huu ni uji uliokunjwa."
Maji ya bomba yakaendelea kumwagika.
"Nipe mwingine."

Saa moja kasoro robo, taa za chungwa zikazunguka ukutani.
Helka akaingia na barafu kwenye nyusi,
hana neno, uchovu umemjaa hadi kwenye glavu.
Otso akamnyooshea sahani kwa mikono miwili.
Yalikuwepo ya mviringo, mazuri, ya Pihla.
Akachukua lile baya.
Akalila kuanzia pembeni, akizunguka, akizunguka,
hadi likabaki tundu la dole gumba
na ukingo wake mwembamba.
Akalishika hivyo kwa muda, amesimama, buti bado mguuni.

Jumanne fundi alipiga simu: kipuri kimefika.
Nikamwambia barabara ni mbaya,
asijisumbue.